Gari Lisilorusha Watu

Watu wa Msambweni wa rika langu wakikaa kuzungumza habari za zamani, hawakosi kulitaja gari la mume wangu. "Lile gari, mwenzangu, lilikuwa halirushi watu. Ukipanda umelala." Wananiambia hivyo wakinitazama usoni, wakidhani wananifurahisha. Mimi huinuka nikaenda jikoni, kwa sababu nikikaa nitasema maneno ambayo mtu mzima hasemi mbele ya wageni.

Leo nitayasema.

Gari lenyewe tulilipata uhuru ulipokuja. Mzungu mmoja mwenye nyumba Diani alikuwa anafungasha kurudi kwao, akauza kila alichokuwa nacho: vitanda, friji ya mafuta ya taa, na gari. Mume wangu alikuwa dereva wake miaka mingi, naye ndiye aliyepewa nafasi ya kwanza. Lilikuwa gari refu, zito, la viti safu tatu, na mlango wa nyuma wa kufungukia juu. Kutoka Msambweni mpaka Majoreni hakukuwa na Mwafrika mwenye gari la ukubwa ule. Mume wangu akaanza kubeba watu na mizigo: maharusi, wagonjwa, wazee wanaokwenda kwa kadhi, magunia ya nazi, samaki wakavu.

Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema, kwa sababu mtu mbaya ningemwacha zamani na mambo yangekwisha. Alikuwa mpole, mtu wa haya, akikutana na mkubwa wake njiani anasimamisha gari, anashuka kabisa ndipo atoe shikamoo. Upole wake huo ndio ulionitia hasira niliyonayo mpaka leo.

Mambo yalianza na matairi. Wakati ule barabara yetu haikuwa na lami. Ilikuwa udongo mwekundu na mawe ya matumbawe yaliyochomoza, makali, yanayokata hata ndara. Matairi mapya tuliyoyatia yakaisha kabla mwaka haujageuka. Tukatia mengine, nayo vilevile. Lakini magari ya shamba la miwa la Ramisi yalipita njia ile ile kila siku ya Mungu, na matairi yao yalidumu. Kila nikimwuliza mume wangu, alikuwa na jibu. Jua hilo. Mawe hayo. Duka limetuuzia tairi kuukuu lililovishwa ngozi mpya. Kaka yake mkubwa akasema ni jicho la watu, gari linahusudiwa, lichinjiwe kuku. Kuku akachinjwa, tukamla, na matairi yakaendelea kuisha.

Ningenyamaza. Mwanamke wa siku zile na matairi, wapi na wapi? Lakini kulikuwa na mdogo wangu.

Mdogo wangu, wa tumbo moja na mimi, alikuwa ameolewa Majoreni. Uzazi wake wa kwanza ulikuwa wa shida, akapelekwa Mombasa, akapasuliwa, akatolewa mtoto wa kike. Daktari alimwambia mbele yangu kwamba akishika mimba tena asikae nyumbani kungoja. Uchungu ukimshika tu, papo hapo aende hospitali, kwa sababu pale alipopasuliwa panaweza kufumuka. Sasa alikuwa ameshika mimba ya pili, na mwezi wake wa kujifungua ulikuwa unaangukia masika, wakati malori hayajulikani yatapita lini. Nikasema aje akae kwangu Msambweni, karibu na hospitali. Mama mkwe wake akakataa katakata: mke wa mwanawe hawezi kwenda kuzalia nyumbani kwa shemeji yake, watu watasema nini? Lo, watu! Basi tukakubaliana kwamba uchungu ukianza, mtu apande baiskeli mbio aje kutuita, na gari liende kumchukua. Uhai wa mdogo wangu ukawa uko juu ya matairi manne, na matairi hayo hayakuwa yakidumu.

Ndipo nilipochutama. Gari lilikuwa limesimama uani, nikalizunguka gurudumu moja baada ya jingine. Katikati, tairi lilikuwa bado lina meno yake mazuri. Ni kingo za pande zote mbili zilizokuwa zimelika zikawa kipara, na ubavuni mpira ulikuwa na nyufa. Nikaona ajabu. Kama ni mawe, mbona mawe yanakula kingo tu na kuacha katikati?

Jibu nililipata siku tuliyokuwa tunapeleka wazee wa kike arusini Mkongani. Nilitoka ndani na bakuli la halua, nikamkuta mume wangu amepiga magoti kwenye gurudumu la nyuma, ana njiti ya kiberiti, anabonyeza pale pa kujazia upepo. Pssss.

"Unafanya nini?"

"Napunguza upepo kidogo tu. Hawa mama zetu wana migongo mibovu. Tairi likiwa gumu linawarusha."

"Na ukishawafikisha, unaujaza?"

Akanitazama kana kwamba nimemwuliza kama anakojoa msikitini. "Nijaze ya nini? Kesho si nitabeba wengine?"

Kumbe! Kumbe ndiyo siri ya gari lisilorusha watu! Mzungu wake alimfundisha kutoa upepo akiwa anapita mchanga mwingi, na kuujaza tena akifika barabarani. Yeye akashika nusu ya kwanza ya somo. Anabeba watu kumi na magunia juu, kwenye mawe, na matairi yamebonyea. Bibi harusi asitikisike, wanja usije ukamwagika. Sheikh asigonge kichwa. Na kila anayeshuka anamwombea dua na kumsifu, naye anainamisha uso kwa haya, anatabasamu. Watu walikuwa wanayala matairi yetu, na kwa kila tairi walilolila walisema ahsante.

Nikauza bangili zangu. Zilikuwa za mama yangu, na sitaki kulizungumza zaidi ya hapo. Nikamwambia mume wangu twende Mombasa, na safari hii matairi nachagua mimi. Akacheka. Tulipofika Likoni kungoja feri, nikashuka. Magari yalikuwa yamepanga foleni, nami na buibui langu nikawa nachutama mbele ya kila moja, napapasa matairi. Watu wakavunjika mbavu. "Mama, umepoteza nini? Kipini cha pua?" Nikawaambia nimepoteza akili kwa kuolewa, na wao wajibu wanaloulizwa: tairi hili lina muda gani, linabeba nini, linapita njia gani? Madereva wa malori walinijibu vizuri wakishamaliza kucheka. Nikaona yanayodumu yalivyo. Ubavu mnene usiobonyea kwa kidole. Meno mapana, yenye mifereji ya kina. Nyuzi za ndani zilizopangwa tabaka nyingi, si mbili tatu. Na yote, kila moja, yalikuwa yamejazwa upepo mpaka ukiyapiga teke unaumia mguu.

Dukani, mume wangu akapenda matairi yenye mkanda mweupe ubavuni. Yalikuwa fasheni wakati ule kwa magari makubwa ya mjini. "Tazama yanavyong'aa," akasema, "haya kwa arusi!" Nikayabonyeza ubavu, ukaingia ndani. Nikayakataa. Nikachagua meusi, mabaya, mazito, ya magari madogo ya mizigo. Muuzaji akaniambia, "Haya magumu, mama. Abiria watalalamika."

"Walalamike."

Akamgeukia mume wangu, mwanamume mwenzake, akamweleza kwamba hata tairi zuri namna hii likikosa upepo linajikunja kila linapozunguka, likijikunja linapata moto, na moto ule unazikata nyuzi ndani kwa ndani huku kwa nje huoni kitu, mpaka siku linapopasuka. Mume wangu akaitikia, "Naam, naam." Tukanunua na pampu ya mguu. Usiku huohuo alikula kiapo mbele yangu, wallahi hatatoa upepo tena.

Hapo ndipo nilipopata jina mjini. Abiria wakashuka wameshika viuno. "Mwanangu, gari lako siku hizi lina nini? Mbona limekuwa na hasira?" Naye, badala ya kuwaambia matairi yanataka upepo, akawa anasema kwa sauti ya chini, "Ni mke wangu huyo," nao wote wananigeukia. Mama yake akanijia nyumbani kuniambia nimemnunulia mwanawe matairi ya mkokoteni. Shikamoo sikuisahau, lakini nilimwambia mama, mkokoteni unafika. Akaondoka bila kunywa chai yangu. Mimi nilikuwa nahesabu mwezi wa mdogo wangu, na kila asubuhi nilitoka uani kuyapiga matairi kwa kisigino. Yalikuwa magumu. Niliridhika nayo.

Baiskeli ilifika asubuhi, mvua imetoka kukatika. Aliyekuja alikuwa wifi wa mdogo wangu, amelowa mpaka nywele, akasema uchungu umeanza tangu alfajiri. Nilikusanya leso na chupa ya chai. Mume wangu akatoa godoro la kitanda chetu, akalitandika nyuma ya gari ili mgonjwa alale. Kulipatia godoro nafasi akakitoa kila kilichokuwa nyuma, magunia, kamba, na pampu, akaviacha uani. Mimi nilikuwa ndani, sikumwona.

Majoreni nilimkuta mdogo wangu ameshika nguzo ya mlango kwa mikono miwili. Tulimwingiza ndani kumfunga leso, kumpaka mafuta, na mama mkwe wake akataka kumsomea kwanza. Nikamwambia atasoma garini, amina tutaitikia njiani. Tukamtoa, tukamlaza kwenye godoro, nikakaa naye, kichwa chake mapajani mwangu. Gari likaondoka.

Nililijua kwa makalio yangu. Hatukuwa tumefika mbali. Njia ile ya Majoreni ilikuwa mawe matupu mpaka uikute barabara kubwa, na mimi nilikuwa nimejikaza, nimemshika mabega mdogo wangu, nangoja kurushwa. Haturushwi. Gari linakwenda tartibu, linabembeleza, na mdogo wangu amefumba macho, anapumua vizuri. 

"Umetoa upepo?"

Akakaza macho barabarani.

"Nakuuliza wewe! Umetoa upepo?"

"Mama watoto, mgonjwa huyo. Ulimwona alivyokuwa analia pale mlangoni? Nimepunguza kidogo tu."

"Simamisha gari! Simamisha ujaze!"

"Pampu iko nyumbani," akasema.

Nilimtukana. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama nayajua. Mdogo wangu akafumbua macho, akanishika mkono, akaniambia, "Dada, mwache. Hivi ndiyo afadhali." Nami ningemwambia nini, mtu yuko katika uchungu? Nikasikiliza magurudumu.

Tulikuwa tumeshaingia barabara kubwa, tairi la nyuma lilipopasuka. Tairi langu jipya, ubavu wake mnene, limechanika duara zima, na ndani nyuzi zimekuwa nyoya. Tairi jipya halifi hivyo kwa siku moja. Baadaye alikiri mwenyewe: ile wallahi aliivunja kwa bibi harusi wa Diani, akaivunja kwa mzee mmoja aliyetoka hija, akaivunja na kuivunja, na jioni kabla ya kurudi alikuwa akipitia kwa fundi kujazisha, ili asubuhi nikipiga kisigino nikute gumu. Akatia spea. Spea ilikuwa moja ya yale makuukuu, kipara kitupu, kwa sababu bangili zangu zilitosha manne. Gari likaenda polepole, kama mtu anayetembea kwa miguu. Spea ikakatwa na jiwe, miwa ya Ramisi tunaiona mbele yetu.

Mdogo wangu sasa alikuwa amebadilika. Hakuwa akilia tena, alikuwa akiuma leso. Mume wangu alisimama kando ya gari ameshika kichwa, anasema, "Ya Rabi, ya Rabi." Mimi nilikimbia. Nilivua viatu, nikaingia ndani ya shamba la miwa, napiga kelele, mpaka nikawakuta wakata miwa, na trekta yenye trela lililokwisha jazwa nusu. Sikuwaeleza mengi. Wanaume wale, wengine wa bara hawajui hata maneno niliyokuwa nayapayuka, waliirusha miwa yote chini, wakaja na trekta barabarani, wakambeba mdogo wangu na godoro lake, wakamweka juu. Alikataa. Alimshika shemeji yake shati, anasema, "Niacheni humu, hapa ndipo pazuri." Nikaifungua mikono yake mimi mwenyewe.

Trela lile halikuwa na springi. Lilimrusha kila jiwe, kila shimo, kutoka Ramisi mpaka Msambweni, nami nimemlalia juu kumzuia, na kila liliporuka alipiga ukelele uliosikika mbele ya trekta. Lilimrusha njia nzima, na lilifika.

Alipasuliwa. Palikuwa pameshafumuka ndani. Walimwokoa yeye, wakatoa na kizazi. Mtoto alikuwa wa kiume, mzima viungo vyote, kucha zake zimekamilika, na alikuwa ameshakufa. Daktari alisema angewahi asubuhi ile tungekuwa na habari nyingine.

Kwenye matanga watu wakajaa. Wakasema kazi ya Mungu haina makosa. Mimi ni mwislamu, naamini kadari, sijapata kumkufuru Mwenyezi Mungu. Lakini Mungu hakupiga magoti uani Majoreni na njiti ya kiberiti mkononi. Mume wangu alilia kuliko wote. Aliniambia, "Alikuwa analia, mke wangu. Ningefanya nini, nimwache arushwe?"

"Ndiyo!" nikamwambia, na waliokuwa wakisoma walinyamaza. "Ndiyo, umwache arushwe!"

Wakanikokota ndani. Wakasema dada mtu amechanganyikiwa kwa msiba.

Arubaini ilipopita nilikwenda Majoreni kumtazama mdogo wangu. Nilikwenda na nia ya kumweleza yote, tangu njiti mpaka pampu, kwa sababu nilikuwa siwezi kulala na jambo lile kifuani. Nilimkuta amekaa mkekani, amekonda, binti yake amemlalia mguuni. Tukasalimiana, tukaulizana hali. Akaniuliza habari za mume wangu.

"Nisalimie Shemeji," akasema. "Mwambie sijausahau wema wake. Siku ile alinichukua vizuri, hakunirusha hata mara moja. Mtoto alikuwa akicheza tumboni humo garini, Dada. Nilimsikia. Akaacha kucheza juu ya trela."

Nikaanza kukunjakunja ukingo wa mkeka.

"Nilikwambia uniache," akasema. "Kwa nini ulinitia kwenye lile trela?"

Binti yake alikuwa anatutazama, mara mama yake, mara mimi. Nikamwambia kulikuwa hakuna njia nyingine. Akaitikia kwa kichwa, akageuza uso ukutani.

Mume wangu amekufa, Mungu amrehemu. Gari lilikwisha zamani, likaliwa na kutu kule kule uani. Mdogo wangu yuko hai. Watu wakilisifu lile gari naye akiwapo, husema ni kweli, ni kweli kabisa, lilikuwa halirushi. Mimi huinuka nikaenda jikoni.